Tope la Mikoko Lina Habari Zetu

Katika mdahalo wa muhula uliopita shule yetu ilijadili hoja isemayo kwamba fedha ya Serikali isitumike kuchimbua mambo ya kale maadamu watu wa leo wana shida. Waliounga mkono hoja walishinda, tena kwa kura nyingi. Msemaji wao wa pili alipigiwa makofi makubwa aliposema ya kuwa tope ni tope, liwe la jana au la miaka elfu tano, na mwenye njaa hawezi kulisonga akalila. Ilikuwa hotuba nzuri, na mimi pia nilicheka. Lakini kucheka si kukubali, na kwa kuwa msemaji hupewa dakika tano tu hali gazeti lina kurasa, namwomba Mhariri anipe nafasi nimjibu ndugu yangu huyo hapa.

Sitatetea kila shimo linalochimbwa na kila mtu mwenye sepeto. Nitatetea tope peke yake, na hasa tope la mikoko, maana mimi ni mtoto wa delta ya Rufiji na tope hilo nimelikanyaga tangu nilipoweza kusimama. Msitu wa mikoko wa kwetu una eneo la hekta 50,000 hivi, na katika pwani ya Afrika Mashariki hakuna mwingine ulioshikana pamoja mkubwa kama huo. Babu zetu walikata boriti humo, zikapakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba kujengea nyumba. Siku hizi wako wanaofyeka mikoko ili walime mpunga. Basi hakuna mtu wa kwetu asiyejua faida ya mkoko wala faida ya mpunga. Tope lenyewe ndilo lisilo na mtetezi, kwa kuwa hatuoni lina nini ndani yake.

Kila mwanafunzi amesoma katika Biolojia habari za chavua, yaani ule unga wa maua. Tulifundishwa kazi yake ya kuzalisha mbegu, tukafanya mtihani, tukasahau. Lakini mti hutoa chavua nyingi kupita haja yake, na sehemu kubwa haifiki kwenye ua lolote. Hupeperushwa na upepo, huanguka majini, huzama topeni. Katika ardhi kavu yenye hewa huharibika. Katika tope la mikoko, ambalo karibu halina oksijeni kabisa (ndiyo sababu linanuka kama yai viza), hukaa. Ganda lake la nje limefanywa kwa kitu kigumu mno kiitwacho sporopolenini, kinachostahimili hata tindikali kali. Chembe zenyewe ni ndogo sana. Zile za mkoko, ukizipanga hamsini kwa mstari mmoja, utapata milimita moja tu au kitu kama hicho. Hata hivyo kila jamaa ya mimea ina sura yake ya chavua. Nyingine zina miiba, nyingine zina mifuo, za nyasi ni za mviringo zenye tundu moja. Mtu aliyezoea huzitambua katika hadubini kama sisi tunavyotambua mwandiko wa mwenzetu kabla ya kuona jina lake.

Pamoja na chavua wako wenyeji wengine. Wako viumbe wa seli moja waitwao foraminifera, ambao hujijengea vijumba vidogo, wengine kwa chokaa na wengine kwa kugandisha punje za mchanga pamoja. Hao wa punje za mchanga ndio wanaovumilia tope la juu la mikoko, pale ambapo maji ya bahari hufika wakati wa bamvua tu. Wa chokaa walio wengi ni wa bahari yenyewe. Wako tena diatomu, jamii ya mwani mdogo wenye ganda kama la kioo, na diatomu wa maji ya mto si wale wa maji ya chumvi. Kwa hiyo ukipata kipande cha tope chenye chavua, foraminifera na diatomu, ni kama umepata mashahidi watatu wasiojuana. Mmoja asema miti gani ilikuwa karibu, wa pili asema bahari ilifika mara ngapi, wa tatu asema maji yalikuwa na chumvi kiasi gani. Wakikubaliana, waweza kuamini. Wasipokubaliana, kazi inaanza upya.

Namna ya kulitoa tope hilo ni jambo ambalo fundi yeyote wa kwetu angelielewa mara moja. Hutumika bomba la chuma lililopasuliwa kwa urefu, lenye bapa la chuma linalozunguka kama mlango kwenye bawaba. Watu wawili hulishindilia kwa mikono, hulizungusha, nalo hukata mche wa tope wa nusu mita na kuufunga ndani usichanganyike. Huutoa, huufunga vizuri, huandika kina chake. Kisha huunganisha fito nyingine ya chuma na kushuka nusu mita zaidi, na zaidi, mpaka wagote mchanga au mwamba. Ni kazi ya jasho na mbu. Baadaye, katika maabara, hukatwa vipande vidogo kutoka kila kina, vikachemshwa kwa magadi makali, vikachujwa, vikatiwa tindikali mpaka kila kitu kimeyeyuka isipokuwa chavua. Tindikali moja itumikayo kuyeyusha mchanga, yaani haidrofloriki, hula hata kioo, na ikimgusa mtu hupenya mpaka mfupani. Nasema hivi ili asitokee mtu wa kujaribu katika maabara yetu. Mwisho mtaalamu huketi mbele ya hadubini na kuhesabu: mkoko mmoja, mkoko wa pili, nyasi, mchu, mkoko tena, mpaka afike mia mbili au mia tatu kwa kipande kimoja. Halafu huanza kipande kinachofuata. Wale wanaolalamika juu ya maswali ishirini ya Hesabu wafikiri habari hiyo.

Sasa, hesabu hiyo yatupa nini? Mtu aliyetembea katika mikoko ajua ya kwamba miti haikusimama ovyo. Mbele kabisa, inapopigwa na bahari, ni mililana. Nyuma yake ni mikoko yenyewe yenye mizizi ya kupanda juu kama miguu ya buibui, kisha misinzi na mikandaa, kisha michu mahali pa juu penye chumvi nyingi, na mwisho nyasi na miti ya bara. Mahali pa maji ya mto zaidi, kama kwetu, yapo misikundazi. Kila mti una kiwango chake cha maji. Basi ikiwa chini katika mche wa tope twakuta chavua za nyasi, juu yake za mchu na mkandaa, na juu zaidi za mkoko kwa wingi, twajua ya kuwa bahari ilikuwa ikipanda na kusogea kuelekea bara. Ikiwa mpangilio ni kinyume chake, bahari ilirudi nyuma, au mto ulileta matope mengi yakajaza mahali pale. Ni kwa sababu hii nasema tope ni habari. Limepangwa kwa zamu, la zamani chini na jipya juu, na halijui kusema uongo.

Lakini laweza kumdanganya msomaji mvivu. Mkoko hutoa chavua nyingi mno na kuzipeperusha kwa upepo, hata zikaonekana mahali ambapo mti wenyewe haupo. Mlilana kwa upande wake huchavushwa na popo na nondo wa usiku, na chavua zake ni chache topeni hata kama mti ulisimama pale pale. Chavua za msinzi na za mkandaa zafanana hata wataalamu wengi huzihesabu pamoja. Na mchu una tabia ya peke yake, kwani huota nyuma karibu na bara na pengine mbele pia karibu na bahari. Kwa hiyo hatusemi, "Sikuona mlilana, basi haukuwapo." Kwanza hutazamwa tope la juu la leo chini ya miti inayojulikana, ili kuona kila mti huacha alama gani, ndipo huhukumiwa la zamani. Mimi naliona jambo hili kuwa la haki sana, na ningependa viranja wa shule walifuate.

Umri wa tope hupatikana kwa kaboni ya mionzi, njia iliyobuniwa na Mmarekani Willard Libby na wenzake mwaka 1949, ambayo ilimpatia Libby Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kipande cha jani au mzizi kilichokufa hupoteza nusu ya kaboni hiyo kila miaka 5,730. Njia hii yatosha kwa miaka elfu hamsini hivi kurudi nyuma, nayo ni zaidi ya haja yetu.

Elimu ya kusoma chavua haikuanza jana. Msweden Lennart von Post alionyesha michoro yake ya kwanza mbele ya wataalamu wenzake huko Kristiania, mji uitwao Oslo leo, mwaka 1916. Mwaka 1931 jarife la meli ya uvuvi iitwayo Colinda lilitoa donge la mboji kutoka chini ya Bahari ya Kaskazini, na ndani yake mlikuwamo ncha ya chusa iliyochongwa kwa pembe ya kulungu. Harry Godwin na mkewe Margaret, wa Cambridge, walipochunguza chavua za mboji ya mahali pale walikuta ni za nchi yenye miti na maji baridi. Pale wanapovua samaki leo palikuwa na watu wakiwinda. Wazungu hawakucheka tope lao, na leo wana ramani za nchi hiyo iliyozama.

Nasi tunayo nchi iliyozama. Miaka elfu ishirini hivi iliyopita, wakati barafu nyingi ilipofunika nchi za kaskazini, bahari za dunia zilikuwa chini kwa mita kama 120 kuliko leo. Mlango kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na mtu angeweza kwenda kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, kusini mashariki ya Unguja, imechimbuliwa mifupa ya wanyama wa mbugani hata punda milia, ambao hakuna aliyewavusha kwa ngalawa. Pemba ni habari nyingine, maana mlango wake ni wa kina kirefu sana.

Watu wamekwisha kusoma tope letu pia. Mwaka 2013 Paramita Punwong, Rob Marchant na Katherine Selby walichapisha matokeo ya chavua walizozihesabu kutoka delta ya Rufiji na kutoka Unguja. Walieleza jinsi mikoko ilivyosogea kuelekea bara na kurudi kuelekea baharini katika miaka elfu kadhaa iliyopita, kwa kufuata bahari ilivyopanda na kushuka. Nilipoambiwa habari hiyo na mwalimu wetu wa Jiografia nilistaajabu, si kwa sababu mikoko hutembea (wazee wa kwetu wajua ya kuwa mto na msitu havikai mahali pamoja), bali kwa sababu hakuna mtu kijijini kwetu aliyepata kuambiwa. Habari zimetoka chini ya miguu yetu zikasomwa mbali.

Na huko Pangani, mwaka 2020, wataalamu wa nchi za nje pamoja na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza ya kwamba walikuta tabaka la mchanga lenye mifupa ya watu, la miaka elfu moja hivi iliyopita, nao wakaamua ya kuwa liliachwa na wimbi kubwa la tsunami lililopiga kijiji. Mchanga uliobebwa na bahari huja na maganda ya viumbe wa bahari, na wa mto huja na vya mto. Ndivyo mtu awezavyo kuutenganisha. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi la namna hiyo lilitoka Sumatra, likaua watu hata katika pwani yetu, na wengi zaidi Somalia. Mtu akiniuliza tope la miaka elfu lamfaa nini mwenye njaa, nitamwuliza kama angependa kujenga zahanati mahali ambapo bahari imekwisha kupita mara moja.

Ndugu yangu msemaji alitaja pia fedha. Sawa, tuseme fedha. Makampuni yanayotafuta mafuta na gesi hutumia foraminifera kujua umri wa mwamba wanaotoboa, kwa maana maganda hayo hutofautiana zama kwa zama. Katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi yamo maganda yaliyohifadhika vizuri mno, hata yanapitisha mwanga kama kioo. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake, akiwemo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, waliyatumia kuonyesha ya kuwa bahari za nchi za joto, mamilioni ya miaka iliyopita, zilikuwa na joto kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mama huyo ni Mtanzania, na kazi yake ni kusoma maganda ambayo sisi twayafagia. Sioni kwa nini wasichana wa shule hii waambiwe kila siku juu ya udaktari na uuguzi tu.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonisumbua. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, na mwaka 2024 likaanza kutoa umeme. Mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Mimi nasoma usiku kwa taa ya umeme na sitaki kurudi kwenye kibatari, kwa hiyo asiniite mtu mpinzani wa maendeleo. Lakini mto ukiingia bwawani hutulia, na matope yake huzama huko huko. Delta yetu imejengwa kwa matope hayo. Wakati huo huo bahari za dunia zimepanda kwa sentimita kama ishirini tangu mwaka 1901, na zaendelea kupanda. Zamani, kama chavua zinavyoonyesha, bahari ilipopanda mikoko ilisogea nyuma. Nyuma ilikuwa wazi. Leo nyuma kuna shamba la mpunga, au boma la udongo, au barabara, au nyumba ya mjomba wangu. Mkoko ukisukumwa kutoka mbele na kuzuiwa kutoka nyuma utasimama wapi? Na ukitoweka, samaki na kamba wachanga wanaolelewa katika mizizi yake watalelewa wapi?

Jibu haliwezi kubuniwa ofisini. Lazima tujue delta ilifanya nini mto ulipopungua maji zamani, na ilichukua miaka mingapi kujirekebisha. Hayo yameandikwa topeni, lakini yataendelea kusomeka pale tu ambapo tope halijavurugwa. Mtu akichimba mabwawa ya chumvi au ya kufugia kamba, akageuza chini juu, hapo tena hapasomeki. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kabla ya kibali chochote cha kuchimba katika mikoko kutolewa, itolewe kwanza miche michache ya tope, ihifadhiwe kwenye baridi katika chuo chetu kimojawapo, hata kama mtu wa kuisoma atapatikana baada ya miaka kumi. Gharama yake ni bomba la chuma, vijana wanne, mashua moja na siku mbili, na jokofu. Ukiilinganisha na gharama ya barabara moja iliyoliwa na bahari haionekani. Na wenyeji washirikishwe, waambiwe yaliyopatikana, kwa Kiswahili.

Wako watakaosema sisi ni watoto wa shule na mambo haya yana wenyewe. Kweli, hatuwezi kutumia zile tindikali. Lakini hadubini nne ziko katika kabati la maabara, na tangu mtihani wa vitendo wa mwaka jana sijaziona zikitoka. Chavua mbichi haihitaji tindikali. Yatosha kugonga ua juu ya kioo cha hadubini, kutia tone la glisarini, kufunika, na kuandika jina. Mtaalamu yeyote wa chavua za kale huanza na mkusanyo wa chavua za leo, kwa maana hawezi kutambua mwandiko asiopata kuuona.

Nimezungumza na mwalimu wetu wa Biolojia, naye amekubali chama chetu kitumie maabara kila Jumamosi baada ya usafi. Tutaanza na miti ya hapa shuleni, mwembe, mkorosho, mnazi na mwarobaini, kila mmoja unapochanua. Wale wanaotoka pwani, iwe Rufiji, Kilwa, Mafia, Tanga au Mtwara, nawaomba walete maua ya mikoko wanaporudi kutoka likizo, kila aina katika bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana huvunda. Msikate tawi, kwa sababu mikoko ni msitu wa hifadhi. Ua lililoanguka latosha. Juu ya bahasha andikeni mahali, tarehe, na kama mti ulisimama mbele kwenye maji au nyuma. Jina la mti liwe lile linaloitwa kwenu. La Kilatini tutalitafuta wenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne